Kobe Mgongoni Kwenye Foleni ya Gesi

Saa kumi na moja na dakika arobaini na tatu asubuhi ya leo, tochi mkono mmoja, daftari mkono wa pili, nimegundua kwamba mimi ni mjinga. Ilipofika saa mbili, foleni nzima ya gesi hapa Malvern, Johannesburg, ilikuwa imegundua jambo hilohilo. Naandika mwenyewe kabla Mama Furaha hajaandika. (Mama Furaha ana picha. Tatu.)

Kobe si wangu. Ni wa mama mwenye nyumba, Mama Mokoena, ambaye nimepanga kwake vyumba viwili vya uani, huu mwaka wa tisa. Aliyemlea ni marehemu mumewe, tangu kobe akiwa mdogo kama kisahani cha chai, akamkatia na kibali cha serikali ambacho kimetiwa fremu na kutundikwa sebuleni karibu na picha ya harusi. Alimwita Meneja, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi. Meneja ana miaka kumi na saba, kilo nne na gramu mia mbili (nampima kila Jumapili), gamba la madoa meusi na manjano kama chui, na macho ya mtu anayekungoja umalize kusema ili akatae.

Mama Mokoena yuko Durban wiki tatu hizi, anamuuguza dada yake. Kabla ya kuondoka alinipa maelekezo yote ya majira ya baridi kwa pumzi moja: "Boksi lake lile, jaza majani makavu, jua likitoka mtoe, likizama mrudishe, basi."

Mtu mwingine angeitikia. Mimi nikamweleza. Kazi yangu ni kutengeneza cherehani, shule niliacha darasa la saba, lakini nikitaka kujua jambo huwa naenda maktaba na kalamu, na safari hii nilikuwa nimeshamaliza vitabu viwili vya kobe. Nikamwambia kwamba kobe wa aina hii halali miezi mizima kama wale wa Ulaya. Kwamba damu yake haijipashi yenyewe. Kwamba akipoa sana chakula humwozea tumboni. Kwamba usiku boksi lisishuke chini ya nyuzijoto kumi na tano. Nikamwonyesha mchoro.

Mama Mokoena aliutazama mchoro, akanitazama na mimi.

"Baba Zawadi, mume wangu hakuwahi kuwa na mchoro, na kobe huyu hajawahi hata kukohoa." Akanirudishia mchoro. "Lakini sawa, fanya unavyojua. Ila ujue huyo ndiye pekee aliyebaki mwenye kumkumbuka mzee zaidi ya mimi. Nikirudi nimkute."

Wiki mbili kila kitu kilikwenda sawa. Taa ya joto niliiwasha kwa mkono saa kumi na mbili jioni, nikaizima kwa mkono saa kumi na mbili asubuhi. Joto la boksi nikaliandika mara nne kwa siku. Jana nikaona sasa nimekuwa mtaalamu, nikanunua kile kifaa cha kuchomeka ukutani kinachowasha na kuzima umeme kwa saa unazokipangia, ili nami nilale kama watu. Nikafungua daftari. Daftari linasema: kuwasha saa 12 jioni, kuzima saa 12 asubuhi. Nikabonyeza: kuwasha 12:00 PM. Kuzima 12:00 AM. Taa ilikuwa inawaka vizuri. Nikajipongeza, nikaenda kulala.

Wenye akili wameshaona. (Johannesburg nimekaa miaka kumi na minne. Kumi na minne!) Daftari langu linahesabu saa kama mama yangu alivyonifundisha Morogoro, na kifaa kile hakikulelewa Morogoro. Nilikuwa nimempangia Meneja joto tangu adhuhuri, wakati jua la Mungu lipo bure, na nimemzimia usiku wa manane, mwezi wa sita, wakati hata maji ya ndoo yanashika ngozi ya barafu.

Ndiyo hiyo saa kumi na moja na dakika arobaini na tatu. Boksi: nyuzijoto nne. Meneja alikuwa baridi kama pasi ambayo haijawahi kuwashwa. Nikamgusa mguu wa mbele. Kobe mzima akiguswa mguu anauvuta. Hakuuvuta. Nikamgusa wa nyuma. Ukabaki pale pale nilipouacha, kama mguu wa mtu aliyelala kwenye basi.

Nikarekebisha kifaa. Taa ikawaka. Nikasema Alhamdulillahi, ingawa mimi ni Mlutheri.

Dakika kumi na saba baadaye, saa kumi na mbili kamili, umeme ukakatika mtaa mzima. Mgao! Ratiba ya mgao iko ukutani kwangu, na siku ya leo nimeipigia mstari kwa wino mwekundu mimi mwenyewe: saa kumi na mbili mpaka saa nne. Nikakimbilia jiko la gesi nipashe maji. Mwali wa buluu ukachomoza, ukapiga chafya, ukafa. Mtungi mtupu. (Kwenye daftari mtungi ulikuwa na siku sita zaidi. Sikuwa nimeandika kwamba Alhamisi mke wangu alichemsha maharage.)

Mke wangu alikuwa ameshaondoka tangu saa kumi na nusu. Anapika kwenye kantini ya ofisi moja huko Sandton. Nikabaki mimi na Meneja na tochi. Nikampigia daktari wa wanyama, ambaye namba yake Mama Mokoena ameibandika kwenye friji. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya usingizi.

"Anapumua?"

"Nadhani."

"Usinidhanie. Mwekee kioo puani."

Nikaweka kioo cha kunyolea ndevu. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Kikaja kijiukungu kidogo, sawa na kichwa cha pini. Machozi yakanilengalenga. (Ilikuwa baridi. Macho hutoa maji kwenye baridi.)

"Anapumua, daktari."

"Vizuri. Mpashe polepole. Usimweke kwenye moto, usimweke kwenye oveni. Usicheke, wapo wanaoweka. Joto la mwili wako linatosha kuanzia. Ukipata maji ya vuguvugu, mkalishe humo. Ninachotaka kusikia ni kwamba amekojoa. Hilo ndilo litakaloniambia figo zinafanya kazi. Akikojoa nipigie uniambie mkojo umekaaje. Ikifika saa nne bado, mlete hapa haraka."

Basi kazi ikawa mbili: mwili wangu na maji ya vuguvugu. Mwili ninao. Maji yanataka gesi, na gesi iko kwenye duka la mtungi kule Mtaa wa Jules, dakika kumi na tano kwa miguu. Kumwacha Meneja kwenye chumba chenye nyuzijoto sita ili nimtafutie joto niliona si hesabu. Nikajaribu kumtia kifuani ndani ya koti. Tumbo langu na gamba lake vyote ni vya mviringo. Akateleza mara mbili. Mikono nayo naihitaji, mtungi una kilo zake.

Hapo ndipo nikakumbuka blanketi.

Ni lile mke wangu alilombebea Zawadi alipokuwa mchanga, la kijani, bado lina pini zake mbili kubwa. Wanawake wa hapa wanafunga hivi: unainama, mtoto unamlaza mgongoni, blanketi linapita juu yake, unakunja pembeni, pini kifuani, pini kiunoni. Nimeona maelfu. Nikainama, nikamlaza Meneja mgongoni juu ya sweta, tumbo lake kwenye uti wangu, nikafunga. Alikaa kana kwamba blanketi lilishonwa kwa kipimo chake. Nikapenyeza kipimajoto, kioo chake kikaning'inia begani: nyuzijoto kumi na tisa na zinapanda. Koti halikupita juu ya gamba, nikaliacha, nikachukua mtungi, nikatoka.

Saa moja na dakika kumi nilikuwa kwenye foleni. Nilihesabu: watu ishirini na watatu mbele yangu, mimi wa ishirini na nne. Mgao ukitokea asubuhi Malvern yote inakumbuka gesi. Muuza gesi ana mzani mmoja na anajaza mtungi mmoja kwa dakika nne. Hata angefungua saa moja na nusu kama kibao chake kinavyodai, zamu yangu ingekuwa saa tatu na dakika mbili. Hesabu haikunifurahisha. Nikatikisa mgongo kidogo. Hakuna jibu.

Foleni ilikuwa imejikunja kando ya ukuta, mkia wake umerudi mpaka karibu na kichwa. Kwa hiyo mtu wa kwanza kabisa, bibi mmoja mnene mwenye kofia mbili za sufu, mmoja wa wale magogo (gogo kwa hapa ni bibi) ambao mtaa mzima huwaamkia, alikuwa hatua tatu tu kutoka nilipo mimi wa mwisho. Akanigeukia. Akaona pini. Akaona uvimbe wa mviringo mgongoni. Akapiga makofi mara moja.

"Hawu! Baba amebeba mtoto!"

Foleni nzima ikageuka.

Ndugu zangu, sikusema uongo. Naomba hilo liandikwe mahali. Nilifungua mdomo nieleze, lakini gogo alikuwa ameshanishika mkono.

"Mtoto kwenye baridi hii! Na mama yake yuko kazini, ndiyo? Njoo, baba, njoo mbele. Mwenye mtoto mgongoni hapangi foleni. Nani ana neno?"

 Wanawake wakasogea. Hiyo ni desturi, na hakuna anayebishana nayo, si kliniki, si benki, si hapa. Nikawekwa wa pili, nyuma ya gogo mwenyewe. Moyo uliniambia sema. Kipimajoto kikaniambia nyuzijoto ishirini na mbili. Nikanyamaza.

Nikafikiri yatakuwa yameisha. Kumbe ndiyo sherehe imeanza.

"Angalieni mwanaume!" akasema mama mmoja nyuma yangu, akimgonga kwa kiwiko mumewe aliyevaa kofia nyekundu. "Amefunga mwenyewe. Na pini. Wewe hata chupa ya maziwa unaishika kama bomba la maji."

"Nilikuwa kazini," akasema mumewe.

"Huyu naye hana kazi? Muone mikono yake, ni fundi!"

Yule wa kofia nyekundu akanisogelea sikioni. "Bra, ndugu yangu, umetuharibia. Tutarudije nyumbani sasa?"

Nikamwomba radhi kimoyomoyo. Gogo alikuwa na maswali.

"Amelala?"

"Amelala," nikasema. (Kweli tupu.)

"Ana umri gani?"

"Kumi na saba."

"Miezi kumi na saba na mzito hivi! Anatembea?"

"Anatembea, ila polepole sana."

"Meno yametoka mangapi?"

Mimi nikiulizwa swali lenye jibu, huwa najibu. Ni kasoro. "Hana hata moja," nikasema.

Gogo akarudi nyuma nusu hatua. Kofia zote mbili zikatikisika. "Hata moja? Kumi na saba na hana jino? Anakula nini?"

"Majani," nikasema. "Na mpungate, ukipatikana. Nyasi kavu kwa ajili ya choo."

 Watu ishirini na watatu na mitungi yao wakanitazama.

"Nyasi," akasema mama wa kofia nyekundu. (Kofia ni ya mumewe, yeye alikuwa na kitambaa.)

"Maziwa je?" akauliza gogo, sasa kwa sauti ya mahakama.

"Maziwa ni sumu kwake."

"Na mama yake anasemaje?"

"Mama yake sijawahi kumwona."

Nilisikia mtu akisema polisi. Nikaona sasa lazima niseme, na nilikuwa nimeshavuta pumzi, nilipoisikia sauti ambayo kila Jumapili naisikia kwenye safu ya kwanza ya kwaya.

"Baba Zawadi! Ni weye?"

Mama Furaha. Msusi wa Bukavu, saluni yake iko mkabala na duka langu, anaimba na mke wangu sauti ya kwanza. Alikuwa amekuja na mtungi wake, akaiona foleni, akaniona mimi, akaliona blanketi. Akauweka mtungi chini polepole sana.

"Uko nabeba mutoto?"

"Mama Furaha, ngoja nikueleze."

"Bibi yako nilikuwa naye jana kwa kwaya. Hana mimba, hana mutoto, hakuniambia kitu. Zawadi ni mukubwa, iko anasoma Pretoria. Sasa hii mutoto ilitoka wapi?"

"Anasema mama yake hajawahi kumwona," gogo akamweleza kwa Kiingereza, kwa huruma nyingi.

"Ah non!" Mama Furaha akashika kiuno. "Mutoto wa inje! Baba Zawadi, weye! Mutu wa daftari! Mutu mwenye kuandikaka hata saa ya mahubiri! Na ulikuwa unamufichaka wapi miezi yote ile?"

"Kwenye boksi," nikasema.

Najua. Najua! Nilitaka kusema ukweli na ukweli ulianzia pale.

Yaliyofuata yalifuatana haraka. Kwanza nilihisi joto. Joto zuri kabisa, kiunoni, likishuka. Halafu halikuwa zuri tena. Lilipita kwenye sweta, likapita kwenye shati, likaingia kwenye mkanda, likashuka na mguu wa kulia wa suruali mpaka kwenye soksi. Mengi! Hamjui kobe anaweka maji kiasi gani. Vitabu vimeandika: huyatunza kwa wiki. Sasa najua wiki ngapi.

"Mtoto amelowa!" gogo akapiga kelele, hasira zote zimemtoka. Mtoto akilowa, kesi inaahirishwa. "Amelowa, masikini, atashikwa na kifua! Mgeuze, mgeuze! Mama, shika huku!"

"Gogo, tafadhali, usifungue!"

"Nyamaza, baba. Nimelea tisa."

Mama Furaha akashika pini ya kifua. Gogo akapitisha mikono chini ya makalio ya mtoto. Nikasikia mikono hiyo ikisimama. Ikapapasa. Ikagonga kidogo, kama mtu anayebisha hodi.

"Mbona mgumu hivi?"

Blanketi likafunguka.

Meneja alikuwa ameamka. Joto la mgongo wangu lilikuwa limemfikia, na kelele pia. Akatoa shingo yote, ndefu, yenye makunyanzi, akamtazama gogo uso kwa uso, kwa umbali wa kiganja kimoja, akafumba macho taratibu, akafumbua, akafungua mdomo mwekundu usio na jino hata moja.

"UFUDU!" akapiga yowe gogo. Kobe! Lakini hakumwachia. Hilo nitamshukuru maisha. Mwingine angemtupa chini. Yeye alipiga yowe huku amemkumbatia.

Mitungi miwili ilianguka. Yule wa kofia nyekundu alikaa juu ya ukingo wa barabara, akashika mbavu, akaanza kulia kwa kicheko. "Nyasi kwa ajili ya choo!" alikuwa akisema. "Mke wangu! Huyo ndiye mwanaume wako! Huyo!" Mkewe naye alikuwa ameshajifunika kitambaa usoni, mabega yanamtikisika. Mama Furaha hakucheka mara moja. Kwanza alinitazama kwa uchungu, kama mtu aliyenyang'anywa habari nzuri. Halafu akatoa simu, akapiga picha. Tatu.

Nami nimesimama katikati yao, mguu mmoja mkavu, mguu mmoja unachuruzika, mvuke unanipanda kwenye baridi kama chungu. Ndugu zangu, nimeumbuka mbele za watu maishani, lakini sijawahi kutoa mvuke.

Lakini kichwani mwangu kulikuwa na neno moja tu.

"Amekojoa," nikasema. Halafu nikapaza sauti. "Amekojoa!"

"Tumeona, baba," akasema gogo.

Nikampigia daktari palepale. Simu yangu haisikiki vizuri mpaka niweke spika.

"Daktari, amekojoa!"

"Safi sana! Kwenye nini?"

"Kwenye mimi."

Foleni ikaanguka tena kwa kicheko. Daktari akasubiri. "Rangi?"

Nikajikunja kujiangalia. "Siwezi kuona vizuri, ni mgongoni."

"Cheupe kipo? Kobe hutoa na kitu cheupe. Nataka kujua ni laini kama dawa ya meno au kina chenga kama mchanga. Kikiwa na chenga, mlete sasa hivi."

Kabla sijaomba, nilikuwa nimegeuzwa. Gogo akambana Meneja kwapani, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Mama Furaha akawasha tochi ya simu. Mama wa kitambaa akainama. Hata wa kofia nyekundu alikuja. Watu wanne walikuwa wanachungulia kiuno changu katika Mtaa wa Jules, na teksi zilizokuwa zimesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, zikafungua madirisha. Gogo akachukua kidogo kwa kidole, akakisugua kwa kidole gumba, mtu aliyelea tisa, akatafakari.

"Laini," akasema kwenye simu. "Kama dawa ya meno. Hakuna mchanga."

"Nani huyo?" akauliza daktari.

"Gogo wa foleni," akajibu gogo.

"Asante, gogo. Basi hamna haja ya kumleta. Mkalisheni kwenye maji ya vuguvugu dakika ishirini, mpeni mboga. Atapona."

Atapona! Watu walipiga makofi. Watu waliokuwa wakitaka kuniitia polisi walipiga makofi, na mmoja akapiga vigelegele. Gogo akamfunika Meneja kwa kofia yake moja, akambeba kifuani, akawa anamtikisa kama mjukuu, na kila aliyetaka kumgusa kichwa alipangiwa zamu.

Nilidhani nimesamehewa. Mama Furaha ndiye aliyekumbuka.

"Ngoja kwanza. Ni nani alimupitisha mbele?"

"Mimi," akasema gogo. "Kwa ajili ya mtoto."

"Mutoto haiko. Basi aliiba nafasi. Kwetu mutu akiiba nafasi analipa faini. Baba Zawadi, ulipita watu wangapi?"

Angekuwa mtu mwingine angesema sijui. Wachache. Kumi hivi.

"Ishirini na wawili," nikasema.

Kicheko kilichofuata ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Muuza gesi alikuwa ndio kwanza anafungua mlango, saa mbili na dakika tano, akakuta wateja wake wameegemeana. Hukumu ikatolewa na gogo hapohapo: magwinya mawili (ndiyo maandazi ya hapa) kwa kila niliyempita, ya moto, kutoka kwa yule mama wa kwenye kona anayekaanga kwa makaa na hajali mgao. Kisha nirudi nyuma, nafasi yangu ileile, wa ishirini na nne. Haki. Sikukata rufaa.

Lakini nilipoanza kuondoka na mtungi wangu kwenda mkiani, gogo akauzuia kwa mguu. "Wewe rudi nyuma," akasema. "Mtungi wa mtoto ubaki hapa." Ukajazwa wa pili, baada ya wake.

Saa tatu kasoro dakika kumi Meneja alikuwa kwenye beseni, maji nyuzijoto thelathini, mkono wangu chini ya kidevu chake. Saa tatu na robo alivuta mguu nilipougusa. Nikaugusa tena kwa furaha tu, akauvuta tena, akanitazama vibaya. Saa nne umeme ukarudi, taa ikawaka, akala jani zima la figili na nusu ya kofia ya gogo. (Hii nitamlipa kwa kumshonea nyingine. Mimi ni fundi.)

Nikampigia Mama Mokoena Durban, nikamweleza yote tangu kifaa mpaka kidole cha gogo. Sikuficha. Nilipomaliza nikajua nimeshakosa chumba. Halafu nikasikia sauti ya mtu anayejaribu kutomwamsha mgonjwa kwa kicheko, na anashindwa.

"Mume wangu," akasema akipata pumzi, "alikojolewa hivyo hivyo kwenye harusi ya kaka yangu. Kwenye suti ya kuazima. Sikuwahi kumwambia mtu." Akacheka tena, halafu akapenga kamasi, nikasubiri. "Asante, Baba Zawadi. Kile kifaa kirudishe dukani."

Nimekiweka pembeni. Nimerudi kuwasha kwa mkono, saa kumi na mbili jioni, ile ya mama yangu. Suruali inaning'inia uani. Mke wangu amefika kutoka kazini muda huu, ameziona picha tayari, na yuko chumba cha pili anaongea na Mama Furaha kwenye simu. Sisikii maneno, nasikia anavyovunjika mbavu tu. Mnaotaka kucheka, nawaomba mcheke kwa zamu kama umeme, mtaa mmoja mmoja, nipate kupumua katikati. Magwinya arobaini na manne, randi moja kila moja: nimepoteza randi arobaini na nne.